Mwalimu Aliyekataa Kuhesabu Watu

Mwalimu wetu wa Historia hakuwahi kutuhesabu. Katika shule za bweni za wakati ule wanafunzi walipangwa mstarini alfajiri, kila mmoja akataja namba yake kwa sauti na kumwachia wa pili, na namba ikikatika mahali, wote walisimama mpaka aliyekosekana apatikane. Shuleni kwetu, kwenye mji mdogo wa reli nje ya Manyoni, ilikuwa hivyo hivyo katika zamu za walimu wote isipokuwa yeye. Zamu yake ilipofika, tuliketi. Tuliketi kwenye mchanga wa uwanja, naye akasimama mbele yetu bila karatasi, akaita jina baada ya jina. Asiyeitikia aliitwa tena, kwa sauti ya chini zaidi kuliko mara ya kwanza. Uji ulipoa na wapishi walinung'unika.

Mkuu wa shule hakuupenda utaratibu huo. Tulipata habari kwa mpishi aliyekuwa akipeleka chai ofisini kwamba Mkuu alimweleza mbele ya wenzake kuwa kuhesabu ni kazi ya dakika chache, kuita ni kazi ya asubuhi nzima, na shule si msibani ambako kila mtu hutajwa. Mwalimu wa Historia alimjibu hivi: "Watu huitwa, Mkuu. Wanaohesabiwa ni mbuzi, na kwetu hata mbuzi hawahesabiwi." Walimu walicheka, kwa kuwa wengi wao walitoka kwenye nyumba za wafugaji na walijua kwamba alichosema ni kweli.

Mimi nililijua jambo hilo hata kabla ya kumjua yeye. Bibi yangu wa Misigiri aliulizwa na mgeni siku moja ana wajukuu wangapi, akajibu, "Wapo wa kunitosha," kisha akabadilisha mazungumzo. Wakati wa kugawa chakula aliokota kijiwe kwa kila mtoto huku akimtaja jina, akaviweka kando ya chungu, na kwa njia hiyo hakuna aliyesahaulika wala aliyehesabiwa. Kuwahesabu watu kwa sauti, alisema, ni kumwonyesha mauti idadi ya sahani. Kwa hiyo nilipofika kidato cha kwanza na kumkuta mtu mzima, msomi, aliyevuka bahari na kurudi, akiishi kwa kanuni ya bibi yangu, nilidhani ni desturi tu iliyomfuata kutoka kwao Ikungi. Kumbe mizizi yake mingine ilikuwa mbali sana.

Tulimwita Mjerumani, nyuma ya mgongo wake. Serikali ilikuwa imempeleka Ujerumani Mashariki kusomea ualimu, enzi zile ambapo vijana walipelekwa kwenye nchi rafiki, naye alirudi na mazoea ambayo mji wetu haukuyajua. Alioka mkate mweusi wa mtama na ngano kwenye debe, mkate mgumu kiasi kwamba mkewe aliwaonya wageni wenye meno mabovu. Alipokuwa akisahihisha alivuma nyimbo za Kijerumani zilizofanana na tenzi za kanisani ila hazikuwa na Mungu ndani yake. Hilo alitueleza mwenyewe. Alichukia uchelewaji. Mwanafunzi aliyeingia darasani baada yake alibaki mlangoni kipindi kizima, amesimama, akiandika kwa kuegemeza daftari ukutani. Tulipomkumbusha kwamba yeye huyo huyo hakutaka tusimame mstarini, alisema kwamba hoja yetu ilikuwa na nguvu na kwamba aliyechelewa angeendelea kusimama.

Alama zake zilikuwa za kubana. Katika daftari zetu aliandika neno moja kwa wino mwekundu, mara nyingi kuliko neno jingine lolote: *Nani?* Ukiandika kwamba "watu wengi walikufa katika biashara ya utumwa," pembeni palikuwa na *Nani?* Ukiandika kwamba "wananchi walihamishwa," *Nani?* Mwanzoni tulidhani anataka majina ya viongozi, tukayapachika kila mahali, naye akayakata. Mwishowe mvulana mmoja wa Itigi, kwa hasira, aliandika kwamba waliohamishwa walikuwa babu yake, shangazi yake mwenye kilema, na jirani yao aliyekuwa akifuga nyuki. Hiyo ndiyo insha pekee niliyoona Mwalimu akiisoma mbele ya darasa.

Ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kikifunguliwa. Duka la ushirika lilikuwa limekufa, na mbele yake walipanga mitumba chini kwenye turubai. Kibanda cha video kilionyesha picha za vita kila Jumamosi, na wavulana walirudi bwenini wakitembea kwa miguu iliyonyooka kama askari wa Kijerumani, wakipiga visigino. Walimu waliuza maandazi, ada za shule zilianza kutozwa tena, na neno "kiwanja" lilianza kutamkwa kwa namna ambayo zamani lilitamkwa neno "shamba." Katika mitumba hiyo mmoja wetu alinunua koti la jeshi, zito, la kijani, lenye bendera ndogo ya Ujerumani begani. Alilivaa siku ya kipindi cha Historia, nasi tukasubiri. Mwalimu alilishika ukosi, akaligeuza, akaangalia mishono.

"Limeshonwa vizuri," alisema. "Livae, baba, asubuhi ni baridi. Koti halina kosa. Ila ukianza kutembea kama wale wa kwenye video, nitakuvua."

Somo la kambi alilifundisha kila mwaka kwa kidato cha nne, ingawa mtaala uliligusa kwa sentensi moja tu. Hakuanza na kambi, alianza na mji. Alitueleza habari za Weimar, alikokaa: mji mdogo, msafi, wenye sanamu za washairi, ambako watu husalimiana dukani na mkate hununuliwa ukiwa wa moto. Alitufanya tuupende. Halafu akatupandisha mlimani, nje kidogo ya mji huo, kwenye msitu ambako chama cha Hitler kilijenga kambi iliyoitwa Buchenwald. Humo walifungwa wapinzani wa serikali ile, Wayahudi, Waroma, wafungwa wa vita na watu wa karibu kila taifa la Ulaya, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kazi za machimbo ya mawe, maradhi, kamba na risasi, na maiti zao zikachomwa tanurini.

Hakupaza sauti. Alitaja vitu vidogo na kuviacha. Lango lilikuwa la chuma, na maneno yake yalielekezwa ndani, ili yasomwe na aliyefungwa: kila mtu apewe anachostahili. Karibu na uzio walinzi walijijengea bustani ya wanyama, wakafuga dubu, na dubu wale walilishwa. Saa ya langoni imesimamishwa kwenye saa tisa na robo alasiri, wakati kambi ilipokombolewa. Kisha alifika kwenye uwanja wa kuhesabiwa, na hapo ndipo tulipomwelewa.

Uwanja ule uko kwenye mteremko, alisema, na upepo wake haukwepeki. Wafungwa walisimama hapo asubuhi na jioni, kwenye theluji, mpaka hesabu ilingane. Hesabu isipolingana walisimama usiku kucha. Na kwa kuwa hesabu ilitaka kila aliyeorodheshwa, waliokufa mchana walibebwa na wenzao mpaka uwanjani, wakalazwa mwisho wa mstari, ili nao wahesabiwe.

"Hata maiti," alisema. "Hawakuachwa kupumzika mpaka namba itimie."

Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye hatuhesabu. Tangu siku hiyo hatukunung'unikia tena uji wa baridi.

Hadithi moja aliipenda, kama mtu anavyoweza kuipenda hadithi inayomuuma. Mama aliyempangisha chumba Weimar alikuwa amekulia kwenye kijiji kilichokuwa chini ya mlima ule. Alikuwa mama mwema. Alimfundisha kuoka ule mkate, na alimfumia soksi majira ya baridi. Siku moja kijana huyo wa Ikungi alipata ujasiri wa kumuuliza kama walijua. Mama akasema hawakujua. Askari wa Marekani walipowapandisha watu wa mji kwenda kuona maiti, wanawake walizimia, kwa sababu hawakujua. Wiki nyingi baadaye, wakianika nguo pamoja, mama huyo huyo alisema bila kufikiri kwamba zamani, alipokuwa msichana, upepo ukitoka mlimani walikuwa wanaanua nguo haraka, maana zingeshika masizi.

"Asiyejua haanui nguo," Mwalimu alituambia. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: kwamba aliendelea kukaa kwa mama yule mpaka masomo yalipokwisha, na siku ya kuagana walilia wote wawili. Msichana mmoja alimwuliza angewezaje. Mwalimu alijibu kwamba alikuwa akimsubiri mtu amuulize swali hilo tangu alipoanza kulifundisha somo hili.

Wapo waliotaka kulifanya somo hilo kuwa letu. Mwanafunzi mmoja wa Kigogo, ambaye wazazi wake walihamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji na nyumba yao ya tembe ikateketezwa wasirudi, alisimama akasema kwamba nasi tulikuwa na kambi zetu. Darasa lilimuunga mkono. Mwalimu alimwachia amalize, akamwuliza nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, nani alikuwa ndani, mama yake alitoka na nini mkononi. Alitoka na kinu. Mwalimu akarudia: kinu.

"Nyumba yenu ilichomwa," alimwambia, "na hiyo ni dhambi inayotosha kuwa dhambi. Usiikopee moto wa watu wengine. Ukisema ni Buchenwald, watakuja watu kukuthibitishia kwamba haikuwa, na watakuwa wamesema kweli, na kinu cha mama yako kitasahauliwa katika ubishi huo."

Ukali wake juu yake mwenyewe niliushuhudia mara ya kwanza ule mwaka ambao nchi aliyosomea ilifutika kwenye ramani. Alikuwa msikilizaji wa redio ya Kijerumani inayotangaza kwa Kiswahili. Jioni ungempita barazani ameiegemeza sikioni kama mtu anayepiga simu. Asubuhi moja aliingia darasani akatuambia tufungue daftari kwenye somo la kambi. Amesikia, alisema, kwamba makaburi yamepatikana msituni nyuma ya kambi, na kwamba hayakuwa ya wakati wa Hitler. Baada ya vita Warusi waliitumia kambi ile ile kufungia wafungwa wao, wakubwa na wadogo wa utawala ulioanguka na wengine waliokamatwa tu, na maelfu yao walikufa humo na kufukiwa bila alama. Miaka yote aliyokwenda mlimani, wenyeji wake walimwonyesha mnara mkubwa na kengele yake, wakamweleza ushujaa wa wafungwa wakomunisti, ambao ulikuwa wa kweli. Ila Wayahudi waliwataja kwa haraka, na kuhusu yale makaburi ya msituni hawakutamka neno.

"Nimewafundisha nusu," alisema. "Nilisimama hatua chache kutoka kwa wafu hao, nikala mkate wangu wa mchana. Andikeni nusu nyingine."

Aliwatafuta hata waliokwisha kumaliza shule, aliokutana nao sokoni na stesheni, akawaambia hivyo hivyo. Mmoja wao, aliyekuwa kondakta wa basi la Singida, alimjibu kwa adabu kwamba mtihani alishapasi, mzee wangu. Mwalimu akasema mtihani haukuwa shida.

Sasa niseme kuhusu Mawe ya Reli, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kaburi lake mwenyewe, kama naweza kusema hivyo kuhusu mtu ambaye wakati ule alikuwa na afya njema.

Kusini mwa stesheni, ng'ambo ya reli, palikuwa na eneo lenye malundo ya mawe kati ya miiba. Wazee walisema ni watu walioletwa kujenga reli enzi za Mjerumani wa kwanza, yule wa ukoloni, wakafia kazini na kufukiwa walipoangukia. Mvua zilikuwa zimeyasambaza baadhi ya malundo na mbuzi wameyapanda mengine, lakini hakuna aliyelima pale wala kuokota jiwe la kujengea. Kila mwaka, kidato cha nne wakishamaliza somo la kambi, Mwalimu alituvusha reli sote, wa madarasa yote. Tuliketi pembeni mwa miiba, naye akaita. Majina hakuwa nayo. Aliita hivi: aliyetoka Tabora. Aliyetoka Kilimatinde. Aliyekuwa na mke mwenye mimba. Aliyejua kupiga zeze. Aliyetazamiwa njiani na mama yake. Baada ya kila mwito alinyamaza kwa kadiri mtu anavyohitaji kuitikia, na upepo ukavuma kwenye waya za simu za reli. Sijawahi kusali sala ndefu kuliko hiyo.

Nilikuwa kidato cha nne eneo hilo lilipopimwa viwanja. Mfanyabiashara mmoja, ambaye mji mzima ulimwita Tajiri wa Alizeti, aliliomba kwa ajili ya mashine ya kukamua mafuta. Hakuwa mtu mbaya. Mji wetu ulihitaji mashine. Wakulima walikuwa wakisafirisha magunia mpaka Singida na kurudi na hasara. Mwalimu aliandika pingamizi, na mkutano wa hadhara ukaitishwa kwenye uwanja wa mnada, nasi wanafunzi tukahudhuria nyuma ya wazee wetu.

Afisa ardhi alikuwa kijana mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi. Alieleza kwamba sheria inayaheshimu makaburi: yakithibitishwa, eneo litaachwa wazi. Kilichohitajika ni taarifa ya kuingiza kwenye ramani. Akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu wangu, shikamoo. Makaburi ni mangapi?"

"Marahaba. Ni ya watu waliojenga reli."

"Hilo nimelielewa. Mangapi?"

"Twende ukayaone."

"Nimeyaona, mzee wangu. Nimeona mawe. Mkubwa wangu wa wilaya hataona hata mawe, ataona karatasi. Nisaidie nikusaidie. Nipe idadi tu, hata ya kukadiria."

Tajiri wa Alizeti akatania kutoka kwenye kiti chake kwamba wafu wa Mwalimu wamekuwa wengi kuliko walipakodi, na watu wakacheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Alisimama akiwa ameshika kofia, na mimi, niliyekaa karibu, niliona kidole gumba kikizunguka ukingo wake.

"Watu hawa," alisema, "walihesabiwa kila asubuhi na aliyewaleta, ili ajue nani bado anafaa. Sitawahesabu tena."

Wazee waliitikia kwa kuguna, na ule ulikuwa mguno wa kukubali. Mzee mmoja aliunga mkono kwamba kwa mila zote za hapo, Wagogo, Wanyaturu, Wanyiramba, Wakimbu, watu hawahesabiwi, sembuse wafu. Akina mama wakasema kweli, kweli. Sikumbuki mkutano mwingine ambao mji wetu ulikubaliana kwa kiasi hicho. Nilijivuna. Nilimwona Mwalimu amewashinda, na akilini nikamwona bibi yangu wa Misigiri amekaa katikati yao, vijiwe mkononi.

Afisa alisubiri mpaka minong'ono ilipotulia. Akauliza mara ya mwisho kama yupo yeyote, mtu yeyote, mwenye idadi. Hakuna aliyejibu. Akainamisha kichwa, akaandika, akasoma alichoandika kwa sauti, kwa kuwa alikuwa kijana mwaminifu: kwamba eneo lina mawe, kwamba makaburi yametajwa lakini hayakuweza kuthibitishwa.

Kabla hatujafanya mtihani wa mwisho, nusu ya Mawe ya Reli, upande wa karibu na barabara, ilikuwa sakafu ya zege yenye mashine juu yake.

 Mwalimu aliendelea kufundisha, kuita majina, kuandika *Nani?* Lakini mwaka huo hakutuvusha reli, na nilisikia kwamba miaka iliyofuata alilifundisha somo la kambi mpaka kwenye uwanja wa kuhesabiwa, kisha akafunga kitabu na kutoka nje kabla ya kengele.

Nilikwenda chuo, nikawa mkufunzi, nikaolewa, nikajenga nyumba Mandewa, mjini Singida, na kwa miaka mingi nilimkumbuka kwa namna ambayo mtu humkumbuka aliyemfundisha kushika kalamu, yaani kila siku na bila kufikiri. Nami sikuwahesabu wanachuo wangu. Walininung'unikia kama sisi tulivyonung'unika.

Nilipata safari ya kikazi ya Manyoni, nikapitia kwake. Alikuwa amestaafu, anatembelea fimbo, na nywele zake zilikuwa nyeupe pande zote mbili za kofia ile ile. Mkewe alinipokea kwa furaha na kunionya kuhusu mkate. Tulizungumza habari za watoto, mvua, bei ya vitunguu. Nilipomweleza, kwa majivuno ya mwanafunzi, kwamba sijawahi kuhesabu darasa, hakufurahi kama nilivyotazamia. Aliweka kikombe chini.

"Umesikia walichofanya kule msituni?" aliuliza, kama vile tulikuwa tukizungumza habari za Buchenwald jana yake tu. "Wameweka nguzo za chuma kwenye yale makaburi. Na wa kambi ya Hitler, watu bado wanakuja kuwatafuta. Mjukuu anakuja na jina, anaambiwa babu yako aliingia siku fulani, alikufa siku fulani. Unajua wanapata wapi? Kwenye daftari za wauaji. Wale waliohesabu."

Nilisema kwamba ni jambo la kutisha.

"Ni la kutisha. Walihesabu ili waue, wakaacha majina. Sisi tulikataa kuhesabu kwa heshima, tukaacha kichaka." Akachukua fimbo yake. "Tajiri anajenga ghala. Amekwisha kuchora msingi. Nilimwomba asubiri mpaka nipate mtu mwenye macho mazuri. Twende."

Tulivuka reli polepole. Mashine ilikuwa ikinguruma, na harufu ya mashudu ya alizeti ilijaa hewani. Tajiri wa Alizeti, naye mzee sasa, alitoka kwenye kivuli cha banda akamsalimu Mwalimu kwa heshima; inaonekana miaka iliwageuza kuwa watu wa kuzungumza jioni. Alituonyesha nyuma ya mashine, kwenye nusu iliyobaki. Mistari ya chokaa ya msingi ilipita juu ya malundo ya mawe kama mistari ya uwanja wa mpira, na fundi mmoja alikuwa akiongeza mwingine.

"Hesabu," Mwalimu aliniambia.

Nilisita. Nilimwambia kwamba bibi yangu asingenisamehe.

"Bibi yako alikuwa sahihi kwa walio hai, binti yangu. Aliye hai huitwa, naye ataitikia. Hawa nimewaita miaka yote hiyo na hakuna aliyeitikia. Asiyeweza kuitikia ni lazima ahesabiwe, vinginevyo aliye na chokaa atasema hayupo. Hesabu kwa sauti."

Nilivua viatu, sijui kwa nini, nikaingia kwenye miiba. Niligusa kila lundo kwa mkono na kutaja namba yake, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti yangu ya darasani. Palipokuwa na mashaka, Mwalimu alipapasa kwa fimbo mpangilio wa mawe, akakubali au akakataa. Sijui ni wakati gani mashine ilizimwa. Nilipofika katikati nilitambua kwamba nasikia sauti yangu mwenyewe. Vibarua walikuwa wamesimama mlangoni mwa banda. Niliporudi kwenye mstari wa kwanza wa chokaa, Tajiri aliniuliza ni wangapi.

Nilimtazama Mwalimu.

"Mwambie," alisema.

"Ishirini na saba."

"Ishirini na saba," Tajiri akarudia polepole, kama mtu anayejifunza jina la mgeni. Akamgeukia fundi, akamwambia aache chokaa, ghala litasogezwa. Fundi akaweka ndoo chini. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na urahisi wake ndio ulionichoma.

Kisha Tajiri akaligeukia banda lake, akaitazama ile sakafu ya zege iliyotanda upande wa barabara, nyeusi kwa mafuta ya miaka yote. Nadhani hakukusudia ubaya. Mtu akishajifunza kuuliza, huuliza.

"Na wale wa chini ya mashine, Mwalimu? Wao walikuwa wangapi?"

Mwalimu alivua kofia. Alisimama mbele ya sakafu ile, na kidole gumba kikazunguka ukingo, kama siku ile ya mkutano.

"Hilo," alisema, "niliulizwa mara moja."